Matumbawe ya Ofisi ya Maji

Jumatatu moja ya mwezi wa Februari, saa mbili na nusu asubuhi, Tryphena alikuwa ameshagonga muhuri malalamiko kumi na saba katika mapokezi ya Shirika la Maji Tele, mjini Voi. Muhuri ulisema IMEPOKELEWA. Malalamiko yote yalikuwa ya bomba kutoa hewa, isipokuwa moja la mwalimu wa mtaa wa Kaloleni ambaye bomba lake lilitoa mjusi. Tryphena aligonga hilo nalo, akaliweka juu ya mengine, akamwita mtu wa kumi na nane.

Ridha, afisa wa ununuzi, alikuwa ghorofani, amesimama mbele ya meza ya mkurugenzi.

"Ridha, wewe ni mtu wa bahari," mkurugenzi Mwandawiro alimwambia.

Ridha hakuwa mtu wa bahari. Babu yake alitoka Vanga, pwani, akafungua duka la vitambaa karibu na stesheni, baba yake akazaliwa nyuma ya duka hilo, na Ridha mwenyewe akazaliwa papo hapo miaka arubaini na mbili iliyopita. Bahari aliijua kama anavyoijua mtu yeyote aendaye harusini Mombasa: aliiona kwa mbali, amevaa viatu. Lakini alikuwa anaitwa Ridha na kichwani ana kofia iliyoshonwa kwa mkono, na mkurugenzi hakuhitaji ushahidi zaidi.

Mkurugenzi alikuwa amerudi juzi kutoka ng'ambo, alikokwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyoendesha maji. Alikuwa amejifunza jambo moja.

"Pale mapokezini kwao wana tangi la kioo, bahari nzima iko ndani, samaki na matumbawe. Mteja anaingia amefura. Anakaa, anatazama samaki. Dakika kumi tu, amesahau alichokuja kusema. Nataka kama lile."

"Sawa, mkubwa. Ila kwa mtu anayeanza, wasemao wanasema samaki wa maji baridi ndio rahisi."

"Maji baridi tutayatoa wapi, Ridha?" mkurugenzi aliuliza. "Si unajua hali."

Basi likawa la maji ya chumvi, na fungu lake likatoka katika bajeti ya kuhamasisha umma.

Ridha alikuwa mtu makini. Alisoma kwa wiki tatu kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa zabuni, kwani aliona aibu kununua kitu asichokielewa. Jambo la kwanza alilojifunza ni kwamba anayeanza hukosea kwa kununua tangi dogo. Maji machache huchafuka kwa kosa moja, kumbe mengi huvumilia. Akaandika lita mia sita. Jambo la pili, tangi lenyewe si chochote bila tangi la pili chini yake, lililofichwa kabatini, ambamo hukaa pampu ya kurudisha maji na mashine ya kutoa povu, ile inayokusanya uchafu wa samaki kabla haujaoza. La tatu ni joto. Mwongozo aliopewa na kamati ya ununuzi ulikuwa umenakiliwa kutoka nchi ya baridi, nao ulidai hita ya kupasha maji. Ridha alijaza ndoo ya maji yaliyoletwa na lori, akaiweka chini ya meza yake, na saa tisa mchana akaipima: nyuzi thelathini na moja. Matumbawe yangepikika humo.

Akaiomba kamati ifute hita, iweke mashine ya kupoza. Kamati ikakaa vikao viwili, ikaamua kwamba kilichoandikwa hakifutiki, ila kinaweza kuongezwa. Zikanunuliwa zote mbili. Hita haikutolewa katika boksi lake. Ilitumika kuzuia mlango wa chumba cha mafaili.

Zabuni zilikuja tatu. Ya kwanza ilitoka kwa mshonaji wa sare za shule, ya pili kwa mtu wa kukodisha mahema. Ya tatu ilitoka kwa Fawaz wa Mombasa, ambaye ndiye peke yake kati yao aliyewahi kumfuga samaki akaishi.

"Ndugu yangu, pampu ya mawimbi usinunue moja kubwa," Fawaz alimwambia kwenye simu. "Nunua mbili ndogo, zitazamane, maji yagongane katikati. Tumbawe likipigwa upande mmoja kutwa linachoka, kama mtu. Taa nunua za buluu, zenye saa, zijizime zenyewe. Kipimo cha chumvi usichukue cha plastiki, kinadanganya. Na maji ya bomba usitie kabisa."

"Maji ya bomba hatuna."

"Basi mmeanza vizuri."

Vifaa vilifika mwezi wa Machi. Maji yaliletwa na lori kutoka kisima cha mtu binafsi, yakapitishwa katika chujio la mirija minne ili yatoke matupu kabisa, ndipo yatiwe chumvi ya unga ya baharini. Chujio lile lilikuwa na tabia moja ambayo Ridha aliisoma lakini hakuifikiria sana mpaka alipoiona: kwa kila lita moja safi iliyoingia tangini, lita tatu zilitoka kwa mrija mwingine na kumwagika mtaroni.

Aliyeliona hilo mapema ni Selpha, aliyefagia na kupiga deki ofisi nzima. Selpha alikuja Voi kutoka Butere akiwa msichana aliyeolewa na mfanyakazi wa mashamba ya mkonge; mume akafa, yeye akabaki na mwanawe Morris na chumba kimoja mtaa wa Birikani, ambako bomba lilikuwa halijatoa tone tangu Julai. Aliuleta mtungi wake wa njano akautega mtaroni bila kumwuliza mtu. Ridha alimwona. Akainama, akausogeza mrija uingie vizuri mdomoni mwa mtungi.

"Asante, Bwana Ridha."

"Si ya kunywa hayo, Mama Morris."

"Najua. Hata tunayokunywa si ya kunywa."

Wiki tano za kwanza tangi lilikaa na mawe na maji tu, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa: vijidudu visivyoonekana lazima vizaliane kwanza kwenye mawe, vije kula uchafu wa samaki. Kila asubuhi Ridha alichota maji kwa kichupa, akatia matone, akalinganisha rangi. Mkurugenzi alipita kila siku akiuliza samaki wako wapi.

"Tunangoja maji yakomae, mkubwa."

"Kwani yana umri gani?"

"Siku ishirini na mbili."

Mkurugenzi aliona jibu hilo linatosha.

Mwezi wa Mei, Fawaz alileta samaki wawili wa rangi ya machungwa na vipande kumi na viwili vya matumbawe, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba, vilivyolelewa shambani kwake, na vibali vyake. Akamwonyesha Ridha jinsi ya kuvihamisha: unakata kwa koleo, unafuta, unatia gundi, unakibandika unapotaka. Siku ya tatu kinakuwa kimeshika. Akamwonya kwamba tumbawe hukua pole pole, kidole kimoja kwa mwaka, asivunjike moyo.

Haya yalikua shubiri moja kwa wiki. Ridha alidhani ni zile taa.

Katikati ya Juni fundi wa mabomba, Ndeti, alipita mapokezini kuchukua spana, akasimama mbele ya kioo. Alisimama kwa muda mrefu kiasi kwamba Tryphena alimwuliza kama naye amekuja kulalamika.

"Hii hapa ni valvu ya sokoni," Ndeti alisema. Akaonyesha kwa spana. "Inapinda pale pale. Hii ni laini ya Kaloleni. Hii inapita chini ya reli. Hapa ndipo mwaka jana tulipoweka kiungo kibaya, ona kilivyovimba."

Ridha aliitwa. Wakatazama pamoja. Ndeti, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechimba kila mtaa wa mji huo, hakukosa hata kona moja. Matumbawe yalikuwa yameota mtandao mzima wa mabomba ya Voi, kutoka bomba kuu upande wa kushoto wa tangi mpaka vijitawi vya nyumba moja moja. Tena yalikuwa yanasema zaidi ya ramani. Palipokuwa na maji, tawi lilichanua vidole laini vya kijani au vya waridi. Jumatano na Jumamosi, siku za mgao wa Mwakingali, tawi la Mwakingali lilichanua saa nne asubuhi na kujifunga saa nane. Mahali pasipokuwa na maji, tawi lilikuwa jeupe kama mfupa.

Sehemu kubwa ya tangi ilikuwa nyeupe.

Uongozi ulikutana. Ramani ya karatasi ya shirika ilikuwa imeliwa na mchwa zamani, na kwa hiyo kikao kiliyapokea matumbawe kwa kauli moja kuwa ramani rasmi, kikaagiza kibao cha USIGUSE, na kikamruhusu Ndeti asogeze kiti mbele ya kioo kila anapopewa kazi. Tryphena alianza kuwasaidia wateja. "Plot yako iko side gani? Haya, njoo hapa nyuma ya hilo jiwe. Umeona? White. Ndiyo hiyo, ni kweli hamna maji." Kisha akagonga muhuri.

Tawi moja lilikuwa la zambarau. Hilo ndilo lililokuwa nene kuliko yote, nene kama kifundo cha mkono, na halikujifunga siku yoyote. Lilitoka katika bomba kuu, likapita kando ya Birikani bila kuingia, likapanda mpaka kwenye jiwe la juu upande wa kulia, na huko mwisho likafunguka vikombe vitatu vya duara, viwili vikubwa na kimoja kidogo. Mke wa mkurugenzi alikuwa na hoteli huko juu, nje ya mji. Ilikuwa na mabwawa matatu ya kuogelea, mawili ya watu wazima na moja la watoto.

Kila aliyefanya kazi pale aliliona. Wakaguzi walipokuja mwezi wa Julai nao waliliona, wakapiga picha mbele yake, na katika taarifa yao wakasifu rangi.

Asubuhi moja, kabla mlango haujafunguliwa, Selpha aliegemeza fagio ukutani.

"Bwana Ridha, kwetu ni wapi hapa?"

Ridha alimwonyesha. Kilikuwa kijitawi cheupe, chembamba kama njiti ya kiberiti, katika kichaka cha njiti nyingine nyeupe.

Selpha alikitazama. "Kumbe tuko karibu hivi." Akafuata kwa kidole, juu ya kioo, lile la zambarau lililopita nusu kidole kutoka kwao. "Na hili linamnywesha nani?"

"La mkubwa hilo."

"Yule bwana wa Mombasa alisema haya yanakatwa na kubandikwa. Nilikuwa napiga deki, nikasikia."

"Ndiyo, yanakatwa."

Selpha alichukua fagio akaendelea. Hakusema tena neno siku ile wala kesho yake, na Ridha aliona afadhali angesema.

Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, Ridha alikuja peke yake na koleo, kitambaa na gundi. Alikunja mkono wa kanzu mpaka begani. Alikata kipande cha zambarau urefu wa kidole cha shahada, akakifuta, akakibandika kwenye shina la Birikani. Samaki wawili walikuja kumwangalia mkono. Alipomaliza alifunga mlango pole pole kama mtu aliyeiba, akarudi nyumbani akaoga kwa kikombe.

Siku ya tatu, Jumanne, tumbawe lilikuwa limeshika, na Birikani mabomba yalitoa maji kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Yalikuwa na ladha ya chumvi kwa mbali. Hakuna aliyelalamika. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita Selpha alichelewa kazini, akaingia na nywele mbichi. Mchana Ridha alijipitisha Birikani kama mwenye safari yake. Kila ua ulikuwa umetandazwa mablanketi. Mzee mmoja alikuwa anaosha baiskeli isiyokuwa na magurudumu. Wanawake waliketi kandokando ya bomba la mtaa wakiongea, mitungi imejaa zamani, wakiliacha lijiendee kidogo walione. Ridha alirudi ofisini akala chakula chake chote, jambo ambalo hakulifanya tangu Ijumaa.

Jumatano ya wiki iliyofuata aliitwa ghorofani.

"Mabwawa yameshuka mpaka magotini," mkurugenzi alisema. "Nani alikata?"

"Mimi, mkubwa."

"Ulijaza fomu?"

"Sikujaza."

"Sasa unaona." Mkurugenzi hakupaza sauti. Aliongea kwa upole, kama daktari. "Mgao wa maji unafanywa na kamati, Ridha. Haufanywi na gundi. Kesho kutwa kuna harusi pale, watu mia tatu. Wanataka kupiga picha kando ya maji. Utawaambia wasimame kando ya vigae?"

"Birikani ni kaya mia nne."

"Hao wamezoea." Akafungua faili, akalifunga. "Depo yetu ya Taveta haina afisa ununuzi. Nilikuwa nafikiria nimpeleke nani. Lirudishe tawi kesho, tusiongee tena habari za Taveta."

Jioni Ridha alimweleza mkewe, Nasiha, aliyekuwa anakata nguo ya mteja sakafuni.

"Taveta kuna nini?" Nasiha aliuliza.

"Joto. Ndizi."

"Basi twende. Hapa hakuna hata ndizi."

"Na mama? Na mguu wake ule?"

"Mama tutamchukua. Si gunia la chumvi." Nasiha hakuinua macho kwenye mkasi. "Kama hutaki kuliondoa, usiliondoe. Mimi cherehani yangu inashona popote."

Ridha alikuwa ametegemea kwamba Nasiha angemkataza, apate pa kusingizia. Alilala akijua kuwa hofu aliyokuwa nayo haikuwa ya mguu wa mama wala ya Taveta. Ilikuwa hofu ya kuitwa ghorofani mara ya pili, basi.

Alhamisi saa kumi alichukua koleo. Selpha alikuwa pale na kitambaa, maana maji ya chumvi yakidondoka sakafuni huacha alama nyeupe na kuzifuta ni kazi yake. Kipande cha zambarau kilikuwa kimeota vijitawi vipya vinne katika siku zile chache. Ridha aliingiza mkono tangini.

"Siku tisa," Selpha alisema. "Nimefua kila kitu. Nimefua mpaka mapazia ya jirani."

"Mama Morris, mimi..."

"Usinitazame hivyo, Bwana Ridha. Tazama unachofanya. Shika vizuri, utalivunja."

Akakata. Akakirudisha juu kulikokuwa kwao, akabonyeza mpaka gundi ikakauka. Njiti za Birikani ziligeuka nyeupe mbele yao, moja moja, kuanzia shinani, pole pole kama taa za mtaa zinavyozimwa. Selpha aliifuata ya kwake kwa macho mpaka ikaisha. Kisha akapiga magoti akafuta sakafu.

Picha za harusi zilitoka nzuri. Moja iliwekwa mapokezini, juu ya tangi.

Ridha hakwenda Taveta. Alipewa cheo kipya, Afisa wa Ununuzi na Matumbawe, na funguo za kabati. Selpha aliendelea kutega mtungi wake mtaroni kila siku ya kuchuja maji, na Ridha aliendelea kumsogezea mrija, lakini hakuambiwa tena asante, naye hakuona kwamba ameonewa.

Mwezi wa Septemba habari za tangi zilikuwa zimevuka mji. Watu walikuja kutoka Bura na Ronge, ambako si Maji Tele waliokuwa wakihudumia, kutazama tu. Alhamisi moja akaja mama mtu mzima aitwaye Mutindi, kutoka Marungu. Alikuwa na vumbi mpaka magotini. Alisalimia, akakataa kiti, akazunguka tangi pande zote tatu zilizo wazi, akainama, akachuchumaa, akasimama tena.

"Kijana wangu," alimwambia Ridha, "sisi wa Marungu tuko wapi hapa?"

Ridha alimwonyesha kona ya nyuma, chini kabisa. Palikuwa na mchanga mtupu.

"Hapo ndipo, mama. Bomba halijafika kwenu."

"Naona hawa wengine hawana maji pia."

"Hawana. Ndiyo maana yao ni meupe."

"Lakini wapo," Mutindi alisema. "Wanaonekana. Sisi hata weupe hatuna." Alifikiri kidogo. "Wewe ndiye unayebandika, nimeambiwa. Hebu tubandikie hata jeupe."

Ridha alitazama ngazi ya kupandia ghorofani. Hapakuwa na mtu. Kabatini mlikuwa na kikopo cha vipande vilivyokufa, alivyokuwa akivihifadhi bila sababu. Alichagua kimoja kizuri, chenye matawi, akatia gundi, akaingiza mkono mpaka bega, akakisimamisha juu ya kijiwe pale mchangani. Hakikuchanua. Kilikaa tu, kimesimama wima.

Tryphena aliandika katika daftari la wateja: Marungu, imeunganishwa. Neno hilo lilipanda ghorofani pamoja na madaftari mengine, na mwisho wa mwezi ripoti ya shirika ilisema kwamba huduma imepanuka hadi kata moja zaidi. Mkurugenzi alilisoma hilo hadharani, akapigiwa makofi, na Ridha naye akapiga.

Lakini siku ile yenyewe Mutindi alikuwa bado amesimama mbele ya kioo, amefurahi, anakitazama kipande chake kama mtu aliyeonyeshwa kiwanja.

"Sasa nikifika niwaambie nini?" aliuliza. "Waanze kuosha mitungi?"

Ridha alijifuta mkono. Alijiuliza wataiosha kwa maji gani.

"Waambie waioshe, mama," akasema.